Kambi ya Otisfield, mahali watoto wanaporuhusiwa kugombana

Kutoka Lewiston hadi Otisfield, hapa jimboni Maine, Marekani, safari haifiki saa moja kwa gari. Ukingoni mwa Ziwa Pleasant ndipo ilipo kambi ya Seeds of Peace, yaani Mbegu za Amani, ambayo kwa zaidi ya miaka 30 imekuwa ikiwakusanya, majira ya joto yakifika, vijana ambao kwao wamelelewa kuogopana. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipita hapo kupitia programu ya vijana wa Maine, na kwa kuwa wazazi kadhaa kati yetu tuliotoka Kongo na Burundi wameniuliza kama wawapeleke watoto wao, nimeona heri niandike tathmini yangu kwa utulivu kuliko kulijibu swali hilohilo kila Jumapili nje ya kanisa.

Aliyeianzisha, mwaka 1993, ni John Wallach, mwandishi wa habari wa Marekani, baada ya bomu kulipuliwa katika jengo la World Trade Center, New York. Kundi la kwanza lilikuwa la vijana 46, Waisraeli, Wapalestina na Wamisri, na Septemba ya mwaka huohuo walialikwa Ikulu ya Marekani siku Rabin, waziri mkuu wa Israeli, na Arafat, kiongozi wa Wapalestina, walipopeana mikono. Baadaye walikuja wa India na Pakistani, wa Cyprus na wa nchi za Balkani. Programu ya vijana wa Maine wenyewe iliongezwa mwaka 2000, wakati miji ya jimbo hili ilipokuwa ikipokea wakimbizi na wahamiaji, na waliokuwapo Lewiston mwaka 2002 wanaikumbuka barua ya wazi ya meya iliyowataka Wasomali wapunguze kasi ya kuwaleta jamaa zao. Si lazima mtu atoke Jerusalem ndipo ajue jamii iliyogawanyika ni kitu gani.

Siku ya kambini huendeshwa kwa kengele. Vijana wa pande zinazohasimiana hulala nyumba moja ya mbao, kitanda kwa kitanda, hula pamoja, huogelea pamoja, na wote huvaa fulana za kijani za aina moja, kiasi kwamba ukitazama kwa mbali huwezi kujua nani ni wa wapi. Hayo ni mazuri, ila kambi yoyote yenye ziwa na mpishi inaweza kuyafanya. Kinachoitofautisha hii na nyingine ni kikao cha mazungumzo: kila siku, kwa muda wa karibu saa mbili, kundi dogo huketi pamoja na wawezeshaji waliofunzwa kazi hiyo, na humo ndani jambo linalouma halifunikwi. Sauti hupanda, wengine hulia, kisha aliyekuita mwongo asubuhi ndiye anayekushikia kamba mchana unapopanda juu ya miti, na huna budi kumwamini.

Mpwa wangu alinisimulia siku ambayo msichana mmoja mwenyeji, kutoka kijiji cha wavuvi, alisema mbele ya kundi zima kwamba nyumbani kwao wanaamini wageni wanakula kodi yao. "Mjomba, nilitaka kutoka nje," aliniambia, "lakini mwezeshaji hakumnyamazisha, na mimi hakunibembeleza. Aliniuliza tu, umesikia nini?" Ndipo akaeleza kwamba mama yake huingia kazini saa kumi alfajiri kusafisha wodi, na kwamba kodi hukatwa kabla ya mshahara kumfikia mkononi. Yule msichana hakuomba radhi. Aliuliza, "Sasa mama yako analala saa ngapi?" Mpwa wangu anasema hakuna Mmarekani aliyewahi kumwuliza swali hilo, na naamini swali hilo moja lilizidi hotuba nyingi za umoja tulizowahi kuzisikia.

Nailinganisha na kambi nyingine ya majira ya joto, ambayo sitaitaja, niliyompeleka mwanangu kwa ada yangu mwenyewe. Kanuni ya kwanza ubaoni ilikuwa kwamba mambo ya rangi, dini na siasa yaachwe nyumbani. Ijumaa nilipokwenda kumchukua nilikuta meza mbili za chakula, moja ya watoto weusi na nyingine ya weupe, huku wasimamizi wakinieleza kwa fahari kwamba wiki nzima hakukutokea ugomvi wowote. Ni kweli, haukutokea.

Kuhusu matokeo, sitegemei masimulizi ya familia peke yake. Juliana Schroeder na Jane Risen, waliofanya utafiti wao wakiwa University of Chicago, waliwahoji washiriki Waisraeli na Wapalestina kabla ya kambi, mwishoni mwake, na tena miezi kadhaa baada ya kurudi makwao. Mitazamo iliboreka kambini na kufifia kiasi nyumbani, lakini aliyepata japo rafiki mmoja wa karibu wa upande wa pili ndiye ambaye kwake mabadiliko yalidumu zaidi. Kwa hiyo mzazi anayeuliza mtoto amejifunza nini angefanya vema zaidi kumwuliza amepata nani.

Udhaifu mkubwa uko kwenye njia ya kurudi. Asel Asleh, kijana Mwarabu raia wa Israeli aliyepita kambini hapo, aliuawa kwa risasi ya polisi wa Israeli Oktoba 2000, akiwa na umri wa miaka 17, na mwilini alikuwa amevaa fulana ileile ya kijani. Wako Wapalestina wanaosema kwamba kumketisha mtawala na mtawaliwa katika duara moja, kana kwamba wanalingana, ni kuficha nani ameshika bunduki. Hoja hiyo siipuuzi, na wiki chache za ziwani haziwezi kuijibu. Kwa watoto wetu hapa Maine hatari si risasi, ila mtoto hurudi akiwa amezoea kusema wazi, akakuta shule na nyumba zisizo na nafasi ya maneno hayo, na hapo wazazi tusijitoe, kwa sababu mwezi wa kwanza baada ya kambi ndio mgumu kuliko kambi yenyewe.

Ningempeleka tena, bila kusita, kijana wa miaka 14 hadi 16. Ambaye Kiingereza chake bado hakitoshi kujitetea akiwa amekasirika, asubiri mwaka mmoja, maana kukaa kimya katika kikao kile kunachosha kuliko kubishana. Afungashe taulo mbili, sweta kwa ajili ya usiku wa ziwani, na dawa ya kufukuza mbu, ambao ni wakali kupita wa Uvira kule Kongo. Fulana asihangaike nayo, ya kijani atapewa hukohuko.