Pedali ipi ya eko inafaa kwa solo ya zamani?

Wapiga gitaa wengi wa bendi na kwaya hapa Mbeya na Iringa wanatamani solo ilie kama dansi la enzi zile bendi ya Tancut Almasi ikitamba Iringa, lakini wanaishia kununua pedali (kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa) ya dijitali yenye mwangwi msafi mno. Eko ya zamani haikuwa safi. Watkins Copicat ya Uingereza, iliyotoka 1958, na Roland RE-201 ya Japani, ya 1974, zilinasa sauti kwenye utepe na kuirudisha. Kila ilipojirudia ilipoteza ukali na kuyumba kidogo, na utamu wote uko hapo.

Namba moja kwangu ni MXR Carbon Copy. Ni ya analogi: ndani yake chipu hupokezana sauti kama watu waliopanga mstari wakipitishiana ndoo za maji, hivyo mwangwi unarudi umepoa. Ucheleweshaji wake, yaani muda kabla eko haijarudi, unafika milisekunde 600, na ina kitufe cha kuyumbisha sauti kama utepe uliochakaa. Kwa solo ya dansi, weka ucheleweshaji mfupi, marudio mawili, na kirungu cha mchanganyiko, yaani kiasi cha eko, kisipite mahali pa namba 10 kwenye uso wa saa. Gitaa litangulie, eko ifuate nyuma.

Ya pili ni Boss RE-2 ya 2022. Ni ya dijitali, ila imetengenezwa mahususi kuiga RE-201. Inaiga vizuri sana, ila ina bei.

Mfuko ukiwa mdogo, chukua Behringer VD400. Nayo ni ya analogi, na sauti yake inazidi bei yake. Boksi ni la plastiki, usilikanyage kwa buti. Kikomo chake ni milisekunde 300, kwa hiyo piga hesabu: wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kwa pigo, eko ikirudi kwenye nusu pigo ni 250, inaingia. Wimbo wa taratibu wa kwaya wenye mapigo 80 unahitaji 375 kwa nusu pigo. Hapo haifiki.

Mashine halisi ya utepe naiweka mwisho, ingawa hakuna inayoishinda kwa sauti. Utepe unaisha, vichwa vya kunasa na kusoma utepe vinataka kusafishwa kila mara, na vumbi letu la kiangazi halina huruma. Iliyotoka Japani inatumia volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 zetu, umeiunguza. Inunue kama una transfoma na fundi anayejua tepu.

Uwe Mwanjelwa au Kariakoo, usilipie pedali kabla ya kuijaribu. Piga noti moja kavu kwenye uzi wa kwanza, kisha sikiliza rudio la tatu. Likiwa kali sawa na la kwanza, rudisha. Ikivuma, weka betri ya volti 9; mvumo ukikoma, tatizo ni adapta. Tafuta adapta ya volti 9 yenye hasi katikati ya plagi yake.