Vifurushi vya bima ya afya Mwanza: tathmini ya muda wa kusubiri

Mawakala wanaouza vifurushi vya bima ya afya vya familia hapa Mwanza hutanguliza kikomo cha kulazwa: milioni 5, milioni 10, milioni 20. Kwa anayejiunga mwenyewe, bila mwajiri, swali la kwanza liwe ugonjwa gani unalipiwa lini. Vifurushi viwili vya bei ileile na kikomo kilekile vinaweza kupishana miezi sita kwenye upasuaji wa ngiri. Kwa hiyo hapa tumepima kitu kimoja, jedwali la muda wa kusubiri, yaani siku au miezi inayopita tangu kinga ianze kabla ugonjwa haujaanza kulipiwa, na tuseme mapema tulichokiona: vifurushi vingi vya mtu binafsi vinafaa kwa ajali na, kuanzia mwezi wa pili, kwa maradhi ya kawaida. Kwa uzazi ni vya wastani. Kwa mtu ambaye tayari ameambiwa ana presha, kisukari au uvimbe, mwaka wa kwanza ni dhaifu mno.

Jedwali la kawaida liko hivi. Ajali hulipiwa tangu siku ya kwanza: bodaboda ikikubwaga Buzuruga leo, kadi inafanya kazi leo. Malaria, taifodi, nimonia na mengine ya namna hiyo husubiri siku 30. Uzazi ni miezi 10 hadi 12. Upasuaji wa kupangwa wa magonjwa yanayokua polepole, yaani ngiri, uvimbe kwenye kizazi, mtoto wa jicho, tezi dume, bawasiri, mawe kwenye nyongo na mafindofindo, husubiri kati ya miezi 6 na 12. Magonjwa sugu na yale yaliyokuwepo kabla ya kujiunga mara nyingi ni miezi 12, na saratani hufika hata miaka miwili. Kila kampuni ina tarakimu zake, na hata kampuni moja huweza kutofautisha kifurushi cha chini na cha juu. Maneno ya wakala hayatoshi. Omba mkataba kamili, maana kipeperushi huwa kinaliacha jedwali hili au kulifupisha.

Sababu ya kusubiri inaeleweka. Kama mtu angeweza kulipia kadi Jumatatu na kupasuliwa kizazi Ijumaa, watu wangejiunga wakishaugua tu, na fedha za kuwalipia zisingepatikana popote. Hoja hiyo tunaikubali. Tusichokubali ni mteja kuliona jedwali kwa mara ya kwanza akiwa kwenye dirisha la bima hospitalini.

Mtego mkubwa umekaa kwenye hesabu ya tarehe. Tuseme umelipa tarehe 12 Machi na mkataba unasema kinga inaanza 1 Aprili. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia 1 Aprili, si 12 Machi. Uzazi wa miezi 10 unafunguka 1 Februari mwaka unaofuata. Ugonjwa wa miezi 12 unafunguka 1 Aprili, na mkataba wako unaisha 31 Machi. Maana yake mwaka wote wa kwanza umelipia kadi ambayo kwa ugonjwa huo haitoi hata shilingi. Unaanza kufaidi ukishalipia mwaka wa pili. Wakala mkweli atakwambia hivyo bila kuulizwa. Mwenye kisukari apange bajeti ya miaka miwili tangu mwanzo, au asubiri mpaka ataimudu, kwa sababu kulipia mwaka mmoja na kuacha ni kuitupa fedha upande huo wa matibabu.

Halafu kuna kuhuisha mkataba unapoisha. Mikataba mingine inakupa siku kadhaa za nyongeza baada ya tarehe ya mwisho, mingine haikupi hata moja. Ukichelewa ukapitiliza, unaingia kama mwanachama mpya na saa zote zinarudi sifuri: siku 30, uzazi, ngiri, kila kitu. Kwa watu wa mwaloni, wanaoishi kwa uvuvi na biashara ya samaki, jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikaa, mitumbwi inapumzika na fedha inakata. Mkataba unaoisha katikati ya mbalamwezi ndio unaochelewa kulipwa. Usingoje ujumbe wa kukumbushwa: lipa giza la mwisho kabla ya tarehe, hata wiki tatu mapema, na uhakikishe risiti inaonyesha kipindi kipya kinaanza siku inayofuata kile cha zamani. Wanaolipa kwa awamu kwa simu nao waulize awamu moja ikikosekana kadi inasimama tu kwa muda, au hesabu inaanza upya.

Siku 30 za maradhi ya kawaida zinaonekana ndogo, lakini ziangalie kwa jicho la kalenda yetu. Mvua za vuli zinashika Oktoba hadi Desemba, za masika Machi hadi Mei, na malaria hupanda nyuma ya mvua. Mtoto akilazwa kwa malaria kali siku ya 20, bili ni ya mzazi. Mwenye uhuru wa kuchagua aanzishe kinga Agosti, au Januari, ili mwezi wa kusubiri umalizike kabla mvua haijachanganya.

Kwenye uzazi, miezi 10 au 12 si tofauti kubwa kama ilivyo tofauti ya maneno mawili. Mikataba mingine inataka *kujifungua* kutokee baada ya muda kwisha. Mingine inataka *mimba itungwe* baada ya muda kwisha. Kwa masharti ya kwanza, yenye miezi 10, mke akishika mimba mwezi wa pili wa kinga bado anaweza kulipiwa, kwa kuwa ujauzito ni takriban wiki 40 tangu hedhi ya mwisho. Kwa masharti ya pili, kujifungua hakulipiwi mpaka karibu mwaka na miezi saba tangu mjiunge. Soma sentensi hiyo mara mbili. Uliza pia mimba ikija na kifafa cha mimba, au mtoto akizaliwa kabla ya wakati na kuhitaji chumba cha joto, linatumika jedwali la uzazi au la dharura. Mtoto mchanga naye ana muda wake wa kuandikishwa, mara nyingi siku 30 tangu kuzaliwa. Ukipita, anasubiri kuhuishwa kwa mkataba au anaanza na siku zake mwenyewe za kusubiri. Tangazo la kizazi lichukuliwe hospitali kabla ya kuruhusiwa. Ndiyo karatasi inayokwamisha wengi.

Ngiri inaonyesha vizuri namna dharura inavyoweza kukataliwa. Ngiri iliyotulia ni upasuaji wa kupangwa. Ngiri iliyonasa, utumbo umebanwa na damu haipiti, ni ya kupasuliwa ndani ya saa chache, vinginevyo kipande cha utumbo kinaoza. Mteja anaamini dharura inalipiwa tangu siku ya kwanza. Kampuni inaangalia jina la ugonjwa, inaiona ngiri kwenye orodha ya miezi 12, inakataa kibali. Mkataba mzuri unaandika kwamba orodha ya magonjwa ya kusubiri haihusu dharura inayotishia uhai. Usipoona sentensi hiyo, chukulia haipo. Kidole tumbo ulizia hivyohivyo: baadhi ya mikataba husema "upasuaji wote usiotokana na ajali", na hapo kidole tumbo kinaingia.

Magonjwa ya kanda hii ndiyo yanayotupa wasiwasi zaidi, kwa kuwa majedwali yameandikwa bila kuyafikiria. Kichocho cha utumbo kimeenea mwambao wa Ziwa Victoria na visiwani, Ukerewe hadi Kome. Tiba ya minyoo yenyewe ni rahisi: prazikwanteli, kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Shida ni aliyeoga na kuvua ziwani tangu utotoni. Mayai huacha makovu kwenye ini, bandama linavimba, mishipa ya koo la chakula inajaa, na siku moja mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi zake anatapika damu. Hiyo ni dharura ya kuongezwa damu na kufanyiwa endoskopia (kamera ya kuangalia ndani ya koo na tumbo) katika hospitali ya rufaa. Je, ni dharura au ni ugonjwa sugu wa ini uliokuwepo kabla? Kwa ufafanuzi wa mikataba mingi, uliokuwepo kabla ni ugonjwa wowote ambao dalili zake zilikuwepo, *hata kama mwanachama hakujua*. Maneno hayo manne ya mwisho yanaweza kumnyima mvuvi haki yote. Uliza kwa maandishi, na jibu lao ulitunze pamoja na kadi.

Selimundu (sikoseli), ambayo Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye nayo, mara nyingi huwekwa kundi la magonjwa ya kurithi: ama miezi 12, ama haimo kabisa. Angalia ukurasa wa yasiyolipiwa, maana kisicholipiwa hakina muda wa kusubiri. Kwa saratani ya watoto ya Burkitt, ile inayovimbisha taya au tumbo, muda wa kusubiri wa mwaka hauna maana yoyote. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, na huhitaji tiba ndani ya siku. Mtoto afikishwe hospitali ya rufaa ya Bugando kwanza, habari ya kadi izungumzwe baadaye. VVU na kifua kikuu visikutishe kwenye jedwali: dawa zake hutolewa bure na serikali, kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu ya VVU, haihitaji kadi ya bima.

Kwenye fomu ya maombi, sema kweli. Ugonjwa uliotajwa unasubiri miezi 12 kisha unalipiwa. Uliofichwa unaipa kampuni sababu ya kuufuta mkataba wote. Hospitalini nako uwe makini na tarehe. Mgonjwa akiulizwa "presha umeanza lini?" na kujibu "aa, siku nyingi", daktari ataandika miaka, na maandishi hayo ndiyo kampuni itakayoyasoma. Jibu ulivyopimwa: mwezi gani, kituo gani. Kama una daftari la kliniki, nenda nalo.

Baada ya muda wa kusubiri kwisha, bado kuna kikomo kidogo cha magonjwa sugu ndani ya kikomo kikubwa. Usafishaji wa figo kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, kama mara 156 kwa mwaka. Gawanya kikomo kwa bei ya hospitali yako, uone unafika mwezi gani.

Tungemshauri nani anunue nini? Mtumishi wa umma yuko NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) tayari, asilimia 6 ya mshahara, nusu yake na nusu ya mwajiri, na huingia yeye, mwenza na wategemezi hadi wanne bila mtu kupimwa presha mlangoni. Asiiache kwa ajili ya kifurushi cha kung'aa. Kijana mzima asiye na mwajiri anaweza kununua cha mtu binafsi bila hofu kubwa. Mwenye ugonjwa tayari atafute kwanza mlango wa kikundi: kampuni nyingi hupunguza au kufuta muda wa kusubiri kwa wafanyakazi wa taasisi moja, na baadhi hukubali SACCOS au ushirika uliosajiliwa ambao haukuundwa kwa ajili ya bima tu. Punguzo hilo liandikwe kwenye mkataba wa kikundi, ugonjwa kwa ugonjwa.

Anayehama kampuni aombe barua ya uthibitisho wa uanachama yenye tarehe za kuanza na kuisha, aipeleke kampuni mpya kabla ya kadi ya zamani kufa, na asilipe mpaka wameandika kwamba miezi aliyokwisha kusubiri itahesabiwa. Pengo la hata siku moja huwapa sababu ya kukataa.

Madai yakikataliwa, dai barua inayotaja kifungu cha mkataba. Linganisha kifungu hicho na tarehe ya kuanza kinga; makosa ya kuhesabu kuanzia tarehe ya kadi badala ya tarehe ya kinga hutokea, na hurekebishwa haraka yakionyeshwa. Wakikaza, andika malalamiko kwa kampuni, kisha TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na baada ya hapo kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ambatisha mkataba, risiti, barua ya kukataliwa na ripoti ya daktari yenye tarehe ambayo ugonjwa uligunduliwa.