Tuisheni ya insha za Kingereza pale Mianzini, Arusha: nimemaliza wiki sita, haya ndo nliyoyakuta

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu nimeiongeza leo asubuhi baada ya kupitia tena kaunta buku langu, mwanzo nlitaka kuacha tatu kavu.

Niseme kwanza mimi sio mwanafunzi wa shule. Nafanya kazi kwenye ofisi ya mambo ya safari za watalii hapa mjini, mwaka wa tano huu, na ngeli ya kuongea ninayo, naweza kubishana na mgeni kuhusu hela ya geti la Ngorongoro mpaka akanyamaza mwenyewe. Sasa natafuta skolashipu ya masters nje, chuo kinataka matokeo ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kingereza, nikajua kwenye kuandika ntateleza tu kama maji. Nikachukua swali moja la mfano, nikaandika, nikampa dada mmoja hapo ofisini asome, akasoma yote afu akaniuliza, "sasa kaka, hapa umekubali au umekataa?" Na swali lenyewe lilikua linauliza hicho tu, unakubali au hukubali. Ndo nikaanza kutafuta pindi.

Jina lao silitaji kwasababu kuna mambo yao ntayasema na sitaki kesi na mtu. Ni juu ya steshenari, unapanda ngazi za chuma, pembeni kuna fundi wa kuchomelea mageti ambae ratiba yake ya kukata chuma inaanza dakika ile ile mwalimu anapofungua mdomo. Kwa kifodi, zile daladala ndogo, unafika vizuri tu. Ada laki na ishirini kwa wiki sita, jioni siku tatu na Jumamosi asubuhi. Tangazo lilisema watu 10 tu kwa darasa ili kila mtu ahudumiwe, siku ya kwanza nkahesabu tuko 23, wawili wamekalia ndoo. Nilipouliza dada wa mapokezi akanijibu eti wengine huwa wanaacha katikati. Na kweli wiki ya nne tulikua 14, kwaiyo sijui nimlaumu au nimpongeze kwa uzoefu.

Walimu wako wawili na hapa ndo penye review yenyewe, maana ni kama umelipia madarasa mawili tofauti.

Wa kwanza ni kijana, smati, viatu vimechongoka. Yeye anafundisha fomula. Siku ya kwanza tu tukauziwa kopi ya kurasa 18, elfu sita, nje ya ada, imejaa maneno ya kumvutia msahihishaji na sentensi za kufungulia insha, za kufungia insha, za kuhamia aya nyingine. Kazi yako ni kukariri afu unachomeka mada katikati. Tukaambiwa tuandike, wote 23 tukaanza na "It is an undeniable fact that", swali liwe la elimu, la magari, la mitandao, wote tunaanza hapo hapo. Ukisoma insha za darasa zima ni kama kadi za mchango wa harusi, maneno yale yale limebadilika jina la bwana harusi tu. Mimi nlifurahi jamani sitaki kudanganya, nlijiona nimeiva, nikawa natumia "moreover" hata kwenye email za ofisini.

Tatizo ni kwamba kwenye IELTS insha inasahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa. Umejibu swali au hujajibu, mawazo yako yanafuatana au yamerukaruka, msamiati, na sarufi. Sasa hayo maneno makubwa ya elfu sita yako kwenye robo moja tu, na hata hiyo robo unaipoteza ukiliweka neno mahali pasipo pake. Na wasahihishaji wanafundishwa kuzitambua sentensi za kukariri, sio watu wa kudanganywa na fotokopi. Hii kijana hakutuambia, nimeijua kwa mwalimu wa pili.

Wa pili ni mzee mstaafu, kafundisha sekondari miaka mingi, anakuja na baiskeli na peni ya kijani. Ukimpa shikamoo anaitika vizuri afu anakuomba daftari hapo hapo mlangoni. Huyu mzee ndo ile nusu nyota, na zile tatu karibu zote ni zake.

Insha yangu ya kwanza kwake ilirudi aya ya kwanza yote imepigwa mstari mmoja, pembeni kaandika "hodi". Nkadhani nimefaulu. Nikamfuata, akanambia, "Kijana wangu, nimehesabu hapa umepiga hodi mara nne. Dunia ya leo ya sayansi na teknolojia, hodi. Tangu enzi za mababu, hodi. Kila mtu anajua, hodi. Kuna faida na hasara, hodi. Ingia ndani ukae useme kilichokuleta." Na ni kweli, sisi huku huwezi kufika kwa mtu ukaanza na shida yako moja kwa moja, unaulizia watoto, unaulizia mvua, unaulizia ng'ombe, ndo unagusia lililokuleta. Insha ya Kingereza haitaki ukarimu huo, sentensi mbili tatu za mwanzo msomaji awe ameshajua umesimama upande gani.

Afu likaja lile la aya za katikati, hapa aliniumiza kweli kweli. Swali lilikua serikali zipige marufuku vitu vya plastiki au hapana. Mimi nikaandika plastiki ni hatari kwa mazingira, wanyama na binadamu, basi, nikahamia hoja nyingine. Mzee na kijani chake, "kwa vipi?" Chini yake tena, "wapi umeona?" Nikamwambia mwalimu hilo si kila mtu analijua? Akasema ndio maana halina kazi. Akaniuliza ulikua wapi Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, nkasema nlikua hapa hapa Arusha. "Soko la Kilombero unalijua?" Nalijua mwalimu. "Mitaro ilikuaje kabla?" Nikaanza kumsimulia vile rambo zilikua zinaziba mitaro, mvua za masika zikija maji yanapanda barabarani, wamama wa nyanya wanabeba magunia kichwani kukimbia tope. Akanikatisha, "andika hicho." Yani hoja, afu inatokeaje, afu mfano ulioushuhudia wewe, afu urudi kwenye swali ulilopewa. Ile aya niliiandika mara tatu, ya tatu ikarudi haina kijani hata kidogo, nikaipiga picha nikamtumia mama Machame. Mama hajui Kingereza ila akajibu hongera.

Kwenye sarufi anatumia Kiswahili kufundishia, wengine darasani walilalamika eti wamelipa wafundishwe kwa Kingereza. Mimi namuunga mkono mzee. Mfano zile "a" na "the", toka Form One nabahatisha tu kama mkeka wa mpira. Yeye akasema, ukinisimulia unasema nlikutana na mbwa njiani, yule mbwa akanifukuza. Mara ya kwanza kwanini hukusema yule? Kwasababu mwalimu ulikua humjui bado. Haya, ukishamjua ndo "the". Miaka yote hiyo jamani! Sio kwamba inaenda kila mahali, akatuonya wenyewe, Mount Kilimanjaro haitaki "the" ila milima ya Usambara kwasababu iko kwa wingi inataka, na mito nayo inataka. Hayo ya kukariri yapo, ila ni machache kuliko nlivyodhani.

Kuchapia kwa he na she nako ni huko huko, kwetu yeye ni yeye, baba yeye mama yeye, kwaiyo unaanza aya na mama mjane unaimaliza ana ndevu. Na kutafsiri neno kwa neno: kuna nesi mmoja tulikaa nae benchi moja aliandika mgonjwa "cut hope" akimaanisha kakata tamaa, darasa likacheka isipokua sisi wawili watatu ambao tulikua bado tunatafuta kosa liko wapi.

Huyo nesi ndo alinifundisha kitu kingine bila kukusudia. Mtihani wa kuandika ni dakika 60, kazi mbili, ya kwanza unaelezea grafu, maneno yasipungue 150, ya pili ni insha, yasipungue 250, na hiyo ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Kwenye zoezi yeye alikaa na grafu ya kazi ya kwanza dakika 35, ikatoka nzuri kweli ina mpaka desimali, insha akaifikisha nusu. Mzee akamwambia umepiga pasi vizuri mkono wa shati, mgongo una mikunjo, utatoka hivo? Toka hapo mimi naweka simu mezani, dakika 20 zikiisha naiacha grafu hata kama naipenda.

Kasoro sasa. Wanachanganya watu. Jumamosi wanaletwa watoto wa Form Three na Form Four wanakaa na sisi wa IELTS, na mahitaji hayafanani kabisa. Mtoto wangu wa dada nilimpeleka hapo, ametoka shule ya msingi ya Kiswahili miaka saba, Form One ghafla karibu masomo yote ni Kingereza, amezoea kunakili ubaoni na kumeza desa, akiambiwa toa maoni yako anakuangalia kama umemuomba hela. Huyo anahitaji kuandika aya moja moja kila siku mtu amsahihishe, sio grafu za uzalishaji wa umeme. Alichofanya wiki ya pili akaleta insha kaandikiwa na programu ya simu, kama balozi anahutubia. Mzee hakufoka, alimuuliza tu "plethora" maana yake nini, dogo akasema ni ugonjwa, kumbe ni wingi wa kitu tu.

Afu mzee anaingia mara mbili tu kwa wiki. Siku nyingine ni kijana na fomula, na kijana hasahihishi, anaweka tiki ukurasa mzima na kuandika "good". Nikamuuliza good ya wapi, akasema kote. Insha zangu 11 nilizompa mzee zote zilirudi zimesahihishwa, za kijana 6 zina tiki. Na ukikosa siku hawakufidii, nlipata safari ya ghafla ya kupeleka wageni Tarangire siku tatu, hela ikaenda hivo hivo. Mwisho kuna elfu kumi ya cheti, kina laminesheni na nembo ya tai. Sijui cha kumpelekea nani wakati chuo kinataka matokeo ya mtihani wenyewe. Mi sikuchukua.

Kama unaenda, usinunue ile kopi, beba kaunta buku lako la kurasa nyingi, andika mstari mmoja ruka mmoja ili apate nafasi ya kijani. Omba kabisa siku za mzee kabla hujalipa, na lipa nusu nusu, wanakubali ukikaza. Kama hela haipo, mtafute mwalimu yeyote mtaani kwako anaesahihisha kweli, maswali ya mfano yako mengi tu intaneti bure, kinachokosekana ni mtu wa kukwambia aya yako haijasema kitu. (Hii review yenyewe akiiona na hizi sentensi zangu ndefu atatoa povu, huwa anasema soma kwa sauti, pumzi ikikata weka nukta, mi pumzi ninayo nyingi sijui nimerithi wapi.)

Awamu nyingine inaanza Jumatatu ya mwanzo wa mwezi, saa kumi na moja na nusu jioni. Ukifika pale juu muulizie mzee wa baiskeli, ila usimwambie nani kakutuma, bado ananidai insha mbili.