Tathmini ya wakala wa kusimamia nyumba: anastahili ujira wake, ila si wote

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya usimamizi wa nyumba ya kupangisha. Wakala humtafutia mwenye nyumba mpangaji, huandaa mkataba, hukusanya kodi, hutuma mafundi na kuandika hesabu za kila mwezi, kisha hujikatia asilimia yake kabla ya kumwekea mwenye mali kilichobaki benki. Ninaitumia kwa nyumba moja tu ninayoimiliki, iliyo mbali na mahali ninapofanyia kazi, wakati mimi mwenyewe nimepanga kwa mtu mwingine karibu na ofisi. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mimi ni mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja, na nafasi hiyo imenisaidia kuuona uwakala kwa pande zake zote mbili. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa masharti yake yanafanana sana na ya mawakala wengine, na nia yangu ni kuipima huduma kama huduma.

Ili kujua kama ujira wa wakala ni halali, ni lazima kwanza tujue nyumba inamwingizia nini mwenyewe. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba kodi ni fedha inayopotea na kwamba marejesho ya mkopo wa nyumba ni fedha inayojenga. Maneno hayo yana ukweli, lakini ukweli huo huchelewa kufika. Chukua mkopo wa 100,000 wa sarafu yoyote, kwa riba isiyobadilika ya asilimia 8 kwa mwaka, unaolipwa kwa miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni kama 836, na katika rejesho la kwanza takriban 667 ni riba, hivyo kinachopunguza deni ni kama 170 tu. Itapita zaidi ya miaka 11 kabla sehemu inayopunguza deni haijawa kubwa kuliko sehemu ya riba, na hadi siku ya mwisho mkopaji atakuwa amelipa benki takriban 200,700. Riba hiyo, pamoja na bima, kodi ya jengo na matengenezo, ni fedha isiyorudi sawasawa na kodi anayolipa mpangaji. Huko Uswisi, nchi ambayo hakuna anayeiita maskini, wakazi walio wengi wanaishi katika nyumba za kupanga, wala hawaonekani kuwa wamepotea njia.

Mwenye nyumba mdogo huingia katika biashara hii akiwa na hesabu rahisi kichwani: kodi ya mwezi mara 12. Tuseme kodi ni 100 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka. Mpangaji akihama na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja, zinabaki 1,100. Wakala akikata asilimia 10 ya kilichokusanywa, ambayo ndiyo ninayokatwa mimi, zinaondoka 110, na kwa kumtafuta mpangaji mpya anachukua nusu ya kodi ya mwezi, yaani 50. Ukitenga kodi ya mwezi mmoja na nusu kwa matengenezo, kisha 90 kwa bima na kodi ya jengo, mkononi zinabaki 700, na benki bado haijagusa chochote. Bila wakala zingebaki 860. Hapa ndipo ninapowaomba wenye nyumba wenzangu wasome polepole, kwa sababu asilimia 10 iliyoandikwa kwenye mkataba ni asilimia 10 ya kodi yote, lakini gharama zake zikijumlishwa katika mwaka wa namna hiyo zinafikia karibu asilimia 19 ya faida ambayo ungebaki nayo ungesimamia mwenyewe. Katika mwaka mtulivu, ambao mpangaji hakuhama, ni kama asilimia 12 na nusu.

Je, huduma inafikia thamani hiyo? Katika kumchagua mpangaji, jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Wakala huyu hudai uthibitisho wa kipato, hulinganisha jina la mwombaji na kitambulisho chake, na jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba hampigii simu mwenye nyumba wa sasa peke yake, bali humtafuta pia yule wa kabla yake. Sababu yake ni ya mtu anayeijua kazi: mwenye nyumba wa sasa aliyechoshwa na mpangaji msumbufu anaweza kummwagia sifa ili ahame upesi, ilhali wa zamani hana cha kupata wala cha kupoteza. Mimi nisingefikiria hivyo. Mwenye nyumba anayesimamia mwenyewe mara nyingi huamua kwa kumtazama mtu usoni na kuusikiliza upole wake, na upole haujawahi kulipa kodi ya mtu.

Kazi nyingine ambayo wameifanya kwa ustadi ni hati ya makabidhiano. Kabla ya mpangaji kupewa funguo, wakala hupita naye chumba kwa chumba na kuandika hali ya kila kitu: usomaji wa mita ya umeme na ya maji, idadi ya funguo kwa kila kitasa, alama ya kuungua karibu na jiko, kigae kilichopasuka nyuma ya mlango wa bafu, swichi iliyolegea. Kila mstari wenye kasoro una picha yenye tarehe, na kila ukurasa una sahihi mbili. Mpangaji wangu wa kwanza alipohama, nilikuwa tayari kumkata sehemu ya amana kwa ajili ya doa la unyevu kwenye ukuta wa chumba cha kulala, hadi wakala aliponitumia ukurasa wa hati hiyo, na doa lilikuwapo palepale, dogo kidogo, kabla mtu yule hajaingiza hata kiti. Alirudishiwa amana yake yote. Tatizo lilikuwa la paa langu, si la matumizi yake, na karatasi ile ilizuia ugomvi ambao ningeuanzisha na huenda ningeushindwa.

Hesabu za mwezi huja kwa wakati na zinasomeka. Amana ya mpangaji inatunzwa katika akaunti tofauti na fedha za uendeshaji za kampuni, jambo ambalo kila mwenye nyumba anapaswa kulidai kwa maandishi, kwa kuwa wakala akifilisika akiwa amezichanganya, anayebaki kudaiwa na mpangaji anaweza kuwa wewe.

Kwenye matengenezo, hata hivyo, huduma hii inanisikitisha. Siku moja niliona katika taarifa ya mwezi mstari usemao "matengenezo ya bomba, jikoni", na mbele yake kiasi ambacho kingetosha kununua koki mpya na kumlipa fundi. Hakukuwa na risiti. Nilipomuuliza mpangaji, alisema fundi alibadilisha mpira wa koki tu, kitu kidogo kuliko sarafu, na hakukaa hata nusu saa. Wakala hakukanusha. Alieleza kwamba kila fundi anayetumwa hulipwa gharama ya kufika, na kwamba kampuni huongeza asilimia yake juu ya ankara ya fundi kama ada ya kuratibu kazi. Ada hiyo ipo kweli kwenye mkataba, katika kiambatisho ambacho watu husoma wakiwa wameshasaini. Sina ugomvi na ada iliyoandikwa, lakini mpango unaomfanya wakala apate zaidi kadiri ankara ya fundi inavyokuwa kubwa hauwezi kumpa hamu ya kutafuta fundi wa bei nafuu.

Ucheleweshaji nao una gharama zake. Mpangaji aliporipoti kwamba bomba chini ya sinki linadondosha maji, ombi lake lilisubiri hadi yakusanyike mengine ya mtaa ule ili fundi aende mara moja. Kwa ofisi hiyo ni busara. Kwa kabati la mbao lililo chini ya sinki ni maangamizi, kwani ubao wa chini ulivimba na ukabidi ubadilishwe kwa fedha zangu. Ninapokuwa mpangaji, mambo ni tofauti kabisa: mwenye nyumba wangu, mzee anayesimamia kila kitu mwenyewe, hufika na fundi siku hiyohiyo nikimpigia simu. Ni kweli pia kwamba hufika hata asipoitwa, na hukagua maua yake kana kwamba mimi ndiye mgeni wake. Utulivu wa kutokuingiliwa namna hiyo ni faida ambayo mpangaji wangu anaipata kwa kuwa kuna wakala kati yetu, na ninaamini ni sehemu ya sababu zinazomfanya aendelee kukaa.

Liko jambo moja zaidi ambalo mwenye nyumba halioni kwa urahisi. Mkataba wa mpangaji unapokaribia kwisha, wakala hupendekeza kodi ipandishwe, na pendekezo huja limeandamana na bei za nyumba nyingine za jirani. Kwa kodi ya 100, ongezeko la asilimia 5 ni 60 kwa mwaka. Ikiwa ongezeko hilo litamfanya mpangaji mzuri ahame, mwezi mmoja mtupu na ada ya kutafuta mwingine ni 150, kwa hiyo itakuchukua kama miaka miwili na nusu kurudi pale ulipokuwa, mbali na rangi mpya ukutani. Wakala kwa upande wake ana ada mpya ya kupokea endapo mtu atahama. Simtuhumu kwa hila, ila ninapopokea pendekezo la aina hiyo huwa naliamulia mimi, na mara nyingi nimeacha kodi kama ilivyo.

Kwa mtu anayeishi mbali na nyumba yake, au asiye na muda wa kupokea simu usiku, ningependekeza huduma hii kwa sehemu ya kutafuta mpangaji, makabidhiano na ukusanyaji wa kodi. Anayeishi karibu na nyumba yake, mwenye fundi anayemwamini, atafanya vyema zaidi kumlipa wakala mara moja tu kwa kumtafuta mpangaji, kisha asimamie mwenyewe. Mimi nimeongeza mkataba wangu, lakini kwa masharti tuliyoyajadili upya: matengenezo yote yanayozidi sehemu ya kumi ya kodi ya mwezi yanahitaji idhini yangu, risiti ya fundi inaambatanishwa na taarifa, uvujaji wowote wa maji unashughulikiwa ndani ya siku mbili, na ada ya kuratibu imekuwa kiwango kimoja kisichotegemea ukubwa wa ankara. Hawakupinga sana, na hilo linanifanya niamini kwamba wengine wengi hawajawahi kuomba.

Kifungu kimoja wamekataa kukifuta. Kinasema kwamba nikiachana na kampuni, nitaendelea kuilipa kamisheni kwa muda wote ambao mpangaji waliyemleta anaishi katika nyumba yangu. Tumekubaliana kwamba kitafikia kikomo baada ya mwaka mmoja. Anayetaka kusaini mkataba wa aina hii na akatafute kifungu hicho kwanza, ambacho katika mkataba wangu kilikuwa chini ya kichwa cha habari kuhusu notisi, baada ya anwani za barua.