Sakafu waling'arisha, baridi wakaniharibia

Hawa wasafishaji niliowaita, haki yao niwape kwanza: sakafu haijawahi kuwa vile. Chumba changu cha kugandishia samaki kiko karibu na mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na harufu ya migebuka ilishaingia hadi kwenye kuta. Walipomaliza niliinama nikanusa pembe zote nne, hakuna kitu. Halafu kuna binti mmoja walikuja naye, alikaa kwenye mpira wa mlango zaidi ya nusu saa. Anafunua mkunjo mmoja mmoja, anapitisha mswaki na maji ya vuguvugu yenye sabuni, ukungu mweusi unatoka kama masizi ya sufuria. Huyo Mungu ambariki.

Sasa yule kijana wao!

Niliwaita kipindi cha mbalamwezi makusudi, maana mitumbwi ya dagaa haitoki na mzigo ni mdogo. Nilishauhamishia kwa jirani, nikazima umeme tangu usiku ili barafu iyeyuke yenyewe. Naingia, namkuta ameshika mashine ya presha, ile ya kuoshea magari, ameilenga kwenye vibati vya alumini nyuma ya feni, vile vya kupoza hewa. Vile vibati ni vyembamba, hata kidole kinavikunja. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo ni brashi laini, unafuata mistari yake." Hata hakugeuka. "Mama, wewe uza samaki, mashine tuachie wenyewe."

Mbele ya vibarua wangu. Mimi ambaye mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi miezi 3 kuanzia Mei 15, nilikisafisha chumba hiki kwa mikono yangu.

Akamalizia kwa kunyunyiza dawa ya klorini humo humo, wala hakusuuza. Klorini inakula alumini, hilo hata mimi muuza samaki nalijua.

Nilikuwa nimewawekea alama 3 kati ya 5 kwa ajili ya sakafu. Lakini siku chache baadaye kipimo cha baridi kinachotakiwa kusoma nyuzi -18 kikasoma -9, kesho yake -6. Vibati vilikuwa vimelala kama mpunga uliopigwa na mvua ya mawe, hewa haipiti, barafu imejaa mpaka feni inakwaruza. Maboksi ya migebuka ya kwenda Dar yakaanza kutoa maji chini. Niliyauza siku hiyo hiyo kwa bei ya kutupa, mengine nikagawa. Fundi wa friji alikaa siku 2 akivinyoosha vibati kwa kichanuo chake, mstari kwa mstari, na pesa yake imezidi niliyowalipa wao.

Basi ni 1, na hiyo 1 ni ya binti.

Juzi wamepiga simu, wanauliza kama waje tena. Nikawajibu: mleteni yule binti, nitamlipa mkononi mwake. Kijana na mashine yake wasikanyage mlangoni kwangu.