Kudai pensheni NSSF Tabora baada ya kuacha kazi kwa mwajiri msumbufu: tathmini ya huduma

Huduma niliyoipata katika ofisi ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, hapa Tabora wakati wa kudai pensheni yangu ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, na kama madai ya mafao yangekuwa kazi ya dirisha la Mfuko peke yake, tathmini hii ingekuwa fupi sana. Lakini anayedai mafao huhitaji pia mkono wa mwajiri aliyemwacha, na mwajiri wangu, kampuni binafsi ya kuhifadhi na kusafirisha mazao ambayo sitaitaja kwa jina, hakuwa na nia ya kuunyoosha mkono huo. Ninaandika hasa kwa ajili ya wale wa Tabora, Urambo, Kaliua, Sikonge na kwingineko mkoani ambao wamekwisha kuandika barua ya kuacha kazi, au wanaifikiria, na wanajua kwamba bosi wao hatawaaga kwa amani.

Nilikuwa mtunza stoo, na niliacha kazi nikiwa na umri wa miaka 56. Umri huo ni jambo la kwanza la kuangalia, kwa sababu sheria inamruhusu mwanachama kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Aliyefikisha 55 na ambaye michango yake imetimiza miezi 180, yaani miaka 15, ana haki ya pensheni, awe ameachishwa au ameacha mwenyewe. Kwangu mimi, kwa hiyo, haki haikuwa na ubishi. Kilichokuwa na ubishi ni karatasi.

Barua yangu ya kuacha kazi ilikataliwa kupokelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya maandishi, na kwa anayelipwa kwa mwezi notisi hiyo isipungue siku 28. Haimtaki mfanyakazi aombe ruhusa ya kuondoka. Kijana wa utumishi aliisoma barua yote, akanirudishia nakala yangu bila saini, akasema, “Mama, bosi amesema usubiri kwanza.” Muhuri ulikuwa palepale mezani, juu ya pedi yake ya wino wa zambarau, karibu kabisa na kiwiko chake. Sikubishana naye, maana naye ni mtoto wa watu anayelinda ugali wake. Nilikwenda Posta, nikaituma barua ileile kwa rejesta, na risiti ya Posta ndiyo iliyonithibitishia baadaye kwamba notisi ilitolewa na kwamba siku zake zilianza kuhesabiwa tarehe fulani. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kazi inayofanya.

Sasa nije kwenye dirisha lenyewe. Ofisa aliyenihudumia, baada ya shikamoo na marahaba, hakuanza kwa kunipa fomu bali kwa kunigeuzia kioo cha kompyuta ili nione michango yangu mwezi kwa mwezi. “Mama, unaona hapa? Mwajiri ameleta hadi mwezi huu, halafu pana pengo, halafu anaanza tena.” Alinichapia taarifa nzima ya michango na kuipitisha kalamu ya njano kwenye kila mwezi mtupu. Sikuwahi kuziona karatasi hizo kwa miaka yote niliyokatwa, na nadhani wengi wetu katika kampuni binafsi tuko hivyohivyo: tunaona makato kwenye slipu ya mshahara, tunaamini yamefika. Mchango kwa sheria ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mfanyakazi hukatwa isiyozidi 10 na mwajiri huongeza iliyobaki, na mwajiri anatakiwa kuupeleka wote ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Kwenye slipu zangu makato yalikuwepo katika miezi yote iliyopakwa njano.

Wapo watakaosema miezi michache si hoja, kwa hiyo nitaeleza hesabu yake. Kanuni iliyoanza kutumika Julai 2022 huchukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu yenye mshahara mkubwa zaidi ndani ya miaka 10 ya mwisho, huuzidisha kwa idadi ya miezi uliyochangiwa, kisha hugawanya kwa 580. Kinachopatikana ni pensheni ya mwaka. Sehemu ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, yaani yote kwa mara moja. Sehemu hiyo ilikuwa asilimia 33, na katika bajeti ya 2024/25 ilipandishwa hadi 35 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa likipata asilimia 25, ndimo walimo wanachama wa NSSF. Inayobaki hugawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya kila mwezi. Mchukue mtu mwenye wastani wa shilingi 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka, aliyechangiwa miezi 240. Mkupuo wake unakaribia 13,034,000 na pensheni yake ya mwezi ni kama 161,000. Ukimwondolea mwezi mmoja tu, mkupuo unapungua kwa takriban 54,300, na pensheni inapungua kwa takriban 670 kila mwezi maisha yake yote. Ukimwondolea mwaka mzima, amepoteza zaidi ya 650,000 kwenye mkupuo na kama 8,000 kila mwezi. Hapo bado hatujamgusa mwenye miezi 178, ambaye kwa pengo la miezi miwili anakosa kabisa sifa ya pensheni na kuishia na malipo ya mkupuo peke yake.

Kikokotoo chenyewe, yaani kanuni hii ya kukokotoa mafao, kimezua maneno mengi tangu 2018, na mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba mkupuo bado ni mdogo kwa mtu anayetaka kumalizia nyumba au kufungua biashara akiwa bado na nguvu. Hilo, hata hivyo, ni la Bunge, si la kijana wa dirishani.

Nililothamini zaidi katika huduma hii ni kwamba miezi iliyokosekana haikugeuzwa kuwa mzigo wangu peke yangu. Niliulizwa kama nina slipu za mshahara za miezi hiyo. Nilikuwa nazo, zimekunjwa ndani ya bahasha pamoja na vyeti vya watoto. Zilitolewa nakala, nikaandika malalamiko kwa mkono ukurasa mmoja, na suala likahamia kwa maofisa matekelezo, yaani wale wanaowafuatilia waajiri wasiopeleka michango. Wao wana uwezo ambao mimi sina: kukagua vitabu vya mwajiri, kudai deni pamoja na tozo ya ucheleweshaji, na kumpeleka mahakamani akikaidi. Baada ya wao kufika ofisini kwa mwajiri wangu, ile sehemu ya fomu inayothibitisha tarehe ya mwisho ya kazi, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa “inamsubiri bosi”, ilijazwa na kugongwa muhuri. Michango ya miezi iliyoruka imeanza kulipwa kwa awamu. Ushauri wangu kwa aliye kazini bado ni kwamba asitupe slipu hata moja, na kama kampuni yake haitoi slipu, aombe kwa maandishi na kutunza taarifa za benki zinazoonyesha mshahara ulioingia.

Sehemu iliyonikera haikuwa ndani ya ofisi bali nje yake. Steshenari niliyokwenda kujaziwa fomu iliandika jina langu la katikati tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, nami kwenye rekodi za ajira nilikuwa na tahajia ya tatu kabisa, kazi ya karani wa zamani aliyeandika alivyosikia. Jina likitofautiana hati kwa hati, utatakiwa kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kuthibitisha kwamba wote hao ni wewe. Jaza fomu mwenyewe, polepole, ukiwa na kitambulisho mbele yako. Picha ndogo, nakala ya kitambulisho na maelezo ya akaunti ya benki havikuwa na shida.

Kwa walio chini ya miaka 55, tathmini yangu haiwezi kuwa ya furaha hivi. Fao la kujitoa, ambalo kizazi chetu kilizoea kulichukua kila tukibadilisha kazi, liliondolewa na sheria ya 2018, na mahali pake likawekwa fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwenye michango isiyopungua miezi 18. Sharti lake mojawapo ni kwamba mwanachama asiwe ameacha kazi kwa hiari yake. Kwenye benchi nilikaa na dada mmoja aliyekuwa akifundisha shule binafsi, ambaye aliandika barua ya kuacha kazi baada ya kutolipwa mshahara kwa muda mrefu. Barua yake ilikuwa ya adabu mno: ameamua kuondoka kwa sababu binafsi, anaushukuru uongozi. Kwa barua ile, amejifungia mwenyewe. Ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 36, inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mfanyakazi anapoondoka kwa sababu mwajiri amefanya kuendelea na kazi kusivumilike. Anayetaka kusimamia hoja hiyo anapaswa kuifikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na barua yake iseme sababu ya kweli. Kufungua shauri kwenye Tume hakulipiwi ada.

Tume hiyohiyo ndiyo iliyobaki na kipande cha mwisho cha madai yangu. Mwajiri anatakiwa na sheria kumpa kila anayeondoka cheti cha utumishi, pamoja na malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na wangu hajatoa chochote kati ya hivyo. Madai ya aina hii yana siku 60, si 30, nami niliyawasilisha ndani ya muda. Mwajiri hakutokea kwenye usuluhishi, na tumepangiwa tarehe nyingine. Mafao hayakusubiri cheti hicho. Mkupuo uliingia benki, pensheni ya mwezi imeanza, na ofisa aliniambia kwamba miezi inayoendelea kulipwa na mwajiri ikikamilika, hesabu yangu itapitiwa upya na tofauti kuongezwa. Kwa anayetoka wilayani, aangalie kwanza taarifa ya michango yake kupitia mfumo wa mtandaoni wa wanachama, na akiona pengo aje na slipu za miezi hiyo tangu siku ya kwanza, asije akalipa nauli ya basi mara mbili kwa ajili ya karatasi alizoziacha nyumbani.