It Takes Two: mchezo uliomshikisha mke wangu padi

Nyumbani kwetu Kisauni padi ya pili ya kuchezea michezo ya video ilikuwa ya wageni. Mke wangu hakuigusa kamwe, na kandanda langu la usiku lilimkera. Mwezi uliopita nikanunua diski ya It Takes Two, ya mkono wa pili, karibu na Mwembe Tayari.

Mbunifu wake, Josef Fares, namfuata tangu mchezo wake Brothers wa 2013. Mle mtu mmoja huongoza ndugu wawili, kila kidole gumba na ndugu yake. Kaka mkubwa akifa, mkono wa kushoto hubaki bila kazi, na msiba ule niliusikia mkononi kabla ya moyoni. Fares ni mzaliwa wa Beirut. Vita vya Lebanoni viliwakimbiza yeye na familia yake hadi Uswidi angali mtoto. Akawa mwongozaji wa filamu, kisha mwaka 2014 akaanzisha studio ya michezo ya Hazelight, Stockholm. Huko ametoa A Way Out (2018), huu (2021) na Split Fiction (2025), yote ya watu wawili. Peke yako huchezi.

Cody na May wataka kuachana. Machozi ya binti yao yawageuza wanasesere. Bandani Cody arusha misumari ukutani, May abembea juu yake kwa kichwa cha nyundo. Usiku wa kwanza mke wangu alianguka, akaanguka, akaanguka. Nikatamani kumpokonya padi, lakini nikishika yake, yangu yalala. Ikabidi nitumie mdomo: "Ngoja… ruka sasa!" Tulipofika kwa nyigu, mwenye kuamuru ni yeye: "Baba watoto, mwaga utomvu pale, niwashe!" Nami namwaga, yeye arusha kiberiti, palipuka.

Onyesho la tembo ningelikata. Wazazi wamburuta tembo huyo, mdoli wa mtoto wao, huku akiomba ahurumiwe, na wabonyezaji ni nyinyi wenyewe. Binti yetu wa miaka sita, aliyekaa mkekani, alilia hadi tukazima. Tena kwenye televisheni ya inchi 32 iliyogawanywa nusu kwa nusu, maandishi ni madogo mno.

Nakala moja yawatosha wawili. Mwenzako akiwa Lamu au Dubai, apakua pasi ya rafiki bila malipo, mwacheza kwa intaneti.

Jana stima ilipotea tukiwa katikati ya sura ya bustani. Nilikwenda kulala. Yeye akabaki kizani, padi mkononi, akiingoja irudi.